Siri za Vidonge Dukani kwa Pramila

Pramila, mke wa Kanubhai muuza dawa, alikuwa mwanamke wa kushuku. Alimshuku mleta maziwa kwa kutia maji, akamshuku fundi wa saa kwa kubadilisha vyuma vya ndani, na mtu akibisha hodi mchana nyumbani kwao Muthangari, Pramila alisimama kwanza nyuma ya pazia la jikoni, akavitazama viatu vya huyo mbisha hodi, ndipo akaamua kama yeye mwenyewe yupo au hayupo. Mama mkwe wake, ambaye nyumba nzima ilimwita Ba, alisema mkamwana huyu angelishuku hata jua likichelewa kutoka.

Kushuku huko kulikuwa na mzizi, na mzizi wenyewe hakuna aliyeujua. Alipomzaa binti yake wa pili, Nila, mwaka 1980, Pramila alitokwa na damu mpaka akawa anaona watu wawili wawili. Daktari wa kike aliyemhudumia kule Parklands alimwambia wazi kwamba mimba ya tatu ingemweka pabaya. Nyumbani Ba alikuwa akingoja mjukuu wa kiume, na Kanubhai, mwana pekee wa marehemu Chunilal, hakuwa mtu wa kubishana na mama yake. Pramila aliyapima maneno kichwani, akaona kwamba akiyasema ya daktari ataambiwa madaktari wa siku hizi ni waoga. Basi hakusema. Mwaka uliofuata alirudi kwa daktari yule peke yake, akawekewa koili ya kuzuia mimba, akaenda nyumbani akapika chakula cha jioni kama siku zote. Ba akaendelea kungoja. Kanubhai akaendelea kusema Mungu hajapenda. Na Pramila, kwa kuwa alikuwa na lake la kuficha, akaanza kuona kwamba kila mtu ana lake.

Duka lao la dawa lilikuwa Adams Arcade, katika safu ya maduka iliyotazama barabara ya Ngong. Chunilal ndiye aliyelifungua, na baada yake Kanubhai akakalia kiti kile kile, nyuma ya ukuta wa mbao, akichanganya dawa za maji na kuvaa miwani miwili kwa zamu. Mbele, kwenye kaunta, alikuwa Pramila, na pamoja naye mfanyakazi wao Lornah, mwanamke aliyeajiriwa akiwa na miaka ishirini na minne, aliyemaliza kidato cha nne na aliyekuwa akikaa Kawangware kwa shangazi yake. Lornah alikuwa na mwandiko mzuri na kumbukumbu ya ajabu. Alijua mtoto wa nani anapumua kwa shida, na mzee wa nani hawezi kumeza vidonge vikubwa.

Vidonge vya kupanga uzazi vilikaa droo ya tatu chini ya kaunta. Mwaka 1984 wanawake waliovinunua walihesabika, na miaka miwili baadaye walikuwa wengi kiasi kwamba droo haikufunga vizuri. Walitoka Woodley, wake za makarani na walimu. Wengine walifanya kazi katika nyumba kubwa za Lavington, wakaja wakati waajiri wao wamelala baada ya chakula cha mchana. Mara ya kwanza walileta karatasi ya daktari. Baada ya hapo hawakuhitaji kutaja kitu. Mmoja alisema "ile dawa yangu," mwingine alisema "ya kichwa," na mmoja aliweka tu pakiti tupu kaunta, uso chini, akageuka kutazama sabuni rafuni mpaka ahudumiwe.

Wawili kati yao Pramila aliwazoea sana. Mwanasiti, mzaliwa wa Malindi, alikuwa mke wa ustadhi Twahir aliyesomesha watoto dini katika chuo kimoja katikati ya jiji. Alikuwa na watoto sita na ulimi mwepesi. "Wahenga walisema mficha uchi hazai," alimwambia Pramila siku moja akificha pakiti chini ya buibui. "Nami sitaki kuzaa tena. Basi wataka nifanye nini?" Wa pili ni Wangeci, mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto watano. Mumewe Waweru alikuwa na tabia ya kupekua mkoba wake, kwa hiyo Pramila alimwekea pakiti mle mle dukani, jina lake limeandikwa juu kwa herufi za Kigujarati. Kila asubuhi kabla ya shule Wangeci alipita, akameza kidonge kimoja kwa maji ya kikombe cha chuma, akaenda zake. Jumamosi alipewa cha Jumapili akakibeba. Shule zikifungwa, alipewa cha kutosha wiki nzima.

Kubeba ndiko kulikompa Pramila mashaka. Dawa nyingine zote dukani zilifungwa katika karatasi nyeupe nyembamba, na mtu mwenye macho makali angeweza kusoma maandishi ya pakiti kupitia karatasi ile. Pramila alikwenda mwenyewe mtaa wa Biashara, akanunua karatasi ya buluu nzito, ile iliyokuwa ikifungia sukari zamani, akaikata vipande, akaiweka katika droo ya tatu. Tangu siku ile vidonge vya kina mama havikufungwa kwa karatasi nyingine. Aliinua kipande kimoja kwenye mwanga wa dirisha, akaona hakionyeshi kitu, akaridhika.

Miaka ile maneno yalikuwa mengi. Watu walisema vidonge hujikusanya tumboni kama kokoto. Walisema mtoto huzaliwa amekishika kidonge mkononi. Wengine walidai hata maziwa waliyogawiwa wanafunzi shuleni yametiwa dawa ya kufanya wasichana wawe tasa, na wapo wazazi waliowaambia watoto wao wamwage. Tena ilisemwa Wahindi wenye maduka ya dawa wamepewa kazi na wageni ya kuwapunguza Waafrika. Pramila aliposikia hilo alianza kuyatazama macho ya wateja wa kiume kwa namna mpya. Waweru, mume wa Wangeci, aliingia alasiri moja akauliza taratibu, "Mama, bibi yangu ananunuanga nini hapa?" Pramila akamjibu kwamba ananunua dawa ya minyoo ya watoto. Waweru akanunua wembe, akatoka. Pramila alimfuata kwa macho mpaka alipoishia kwa kinyozi.

Mwaka 1987 mambo yakaanza kuharibika. Mwezi wa Machi Wangeci alikwenda shuleni na shavu limevimba, akapita dukani bila kuingia. Mwezi wa Mei mke wa Thuo, fundi wa umeme wa Woodley, alikuja kumwambia Pramila kwa sauti ya chini asimwekee tena kitu, mumewe amejua. Mwezi wa Julai ustadhi Twahir alimpandisha Mwanasiti basi la Mombasa, arudi kwao Malindi, akabaki na watoto.

Wanawake watatu katika miezi mitano. Pramila hakuamini bahati mbaya ya namna hiyo. Aliyapekua mambo hayo kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia. Nani aliwajua wote watatu? Kanubhai alikaa nyuma na hakuwajua wanunuzi kwa sura. Herufi za Kigujarati hazikusomwa na yeyote mwingine pale dukani. Wenyewe kwa wenyewe wanawake hawakuambiana. Akabaki Lornah.

Mara alipoanza kumtazama Lornah kwa jicho hilo, kila kitu kilipata maana nyingine. Kumbukumbu yake nzuri, ambayo Pramila alikuwa akiisifu, sasa ilionekana kama daftari la mpelelezi. Alikuwa amevaa saa mpya ya mkono, ya rangi ya dhahabu. Na siku mbili Pramila alimwona akizungumza na Thuo kwenye stendi, wakicheka. Pramila hakumuuliza. Mwenye kushuku haulizi, kwa sababu jibu pia atalishuku. Aliamua kutega.

Mama Nzioka alikuwa mwanamke wa makamo, mke wa Nzioka, dereva wa lori, na alikuwa akija kila mwezi kuchukua dawa ya vidonda vya tumbo. Siku alipokuja Agosti, Pramila alingoja Lornah awe karibu, akafungua droo ya tatu, akajifanya anatoa pakiti, akaifunga dawa ya tumbo katika karatasi ya buluu. Alipotoka yule mama, Pramila akamnong'oneza Lornah kwamba Mama Nzioka naye sasa ameanza vidonge, lakini mumewe asije akajua. Akasema na moyo wake: likitoka hili, limetoka kwa mtu mmoja tu.

Haikupita wiki mbili. Nzioka alisimama mlangoni na karatasi ya buluu na kichupa cha dawa mkononi, akauliza kwa nini duka hili linamharibia nyumba. Alikuwa amezitupa nguo za mkewe uani, mbele ya majirani. Kanubhai alitoka nyuma ya ukuta wa mbao, akasoma jina la dawa kwenye kichupa, akamweleza kwa subira kwamba hii ni dawa ya tumbo, hata mwanamume huitumia. Nzioka aliondoka ameinamisha kichwa. Pramila alikuwa na haya kwa ajili ya mama yule asiye na kosa, lakini chini ya haya kulikuwa na kitu kingine, kama furaha ya mtu aliyeshinda mashtaka. Mtego ulikuwa umenasa.

Lornah alifukuzwa jioni ile. Pramila alimwambia sababu, kwa kuwa alitaka kuuona uso wake. Uso haukusema kitu alichokitegemea. Lornah alivua koti jeupe la kazi, akalikunja, akaliweka kaunta.

"Mama Hansa," alisema, akimwita kwa jina la binti yake wa kwanza kama walivyozoea, "mimi hata sijui huyo mama anakaa nyumba gani."

Pramila akaona kwamba hilo ni jibu lililoandaliwa mapema.

Baada ya hapo alihudumu peke yake. Alijiambia sasa siri imepata ukuta. Lakini mwaka 1988 haujafika katikati, mke wa karani mmoja wa Woodley akajulikana, na baada yake mpishi wa nyumba moja ya Muthangari, ambaye Pramila alimpokea yeye mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, dukani hakuna mtu. Pramila alianza kukosa usingizi. Alimshuku Kanubhai. Alishuku simu. Aliushuku hata ukuta wa mbao, akaugonga kwa vidole kutafuta tundu. Alifika mahali akajishuku mwenyewe, kwamba pengine anaongea usingizini, akahamia chumba cha mabinti kwa wiki nzima akisingizia joto.

Ukweli ulimjia kwa mlango wa mbele, mwezi wa Septemba, umevaa kanzu. Ustadhi Twahir aliingia kununua dawa ya kikohozi ya mtoto. Mwanasiti alikuwa amesharudi kutoka Malindi baada ya miezi minane, wazee wa pande zote mbili wakiwa wamekaa na kusema. Karatasi nyeupe ilikuwa imekwisha siku ile, na Pramila, bila kufikiri, akavuta kipande cha buluu, akaanza kukifunga kichupa. Ustadhi alirudisha mkono nyuma.

"Hiyo siichukui, mama," alisema kwa upole. "Nitilie kwenye gazeti."

"Karatasi ina kasoro gani, ustadhi?"

"Hiyo ni karatasi ya wanawake wa vidonge. Woodley nzima twaijua."

Pramila aliweka kichupa chini, akamwomba amweleze. Twahir alisita, kisha akaeleza kama mtu anayefafanua somo rahisi. Waweru ndiye aliyeanza kuona. Dawa za watoto wake zilifika nyumbani kwa karatasi nyeupe, na mara moja moja kipande cha buluu kilianguka kutoka mfuko wa mkewe, kimekunjwa kidogo sana. Alipomwuliza na akamwona anababaika, akaelewa. Alilisema kwa kinyozi, na kwa kinyozi hakuna neno linalobaki na mwenyewe. Tangu hapo waume walikuwa wakitafuta buluu: kwenye pipa la taka, chini ya godoro, ndani ya kopo la unga.

"Mimi nilimpeleka mke wangu kwao kwa ajili ya karatasi," Twahir alisema, akitazama nje. "Vidonge vyenyewe sikuviona hata kimoja."

Alichukua dawa yake imefungwa kwenye gazeti la jana, akaaga. Pramila alibaki amekaa juu ya kigoda mpaka mteja mwingine alipogonga kaunta kwa ufunguo. Dawa ya Mama Nzioka alikuwa ameifunga kwa buluu yeye mwenyewe. Ya mpishi wa Muthangari pia. Lornah hakuwa na haja ya kusema neno, na hakulisema. Pramila alikusanya vipande vyote vilivyobaki, akavichoma uani nyuma ya duka, na Kanubhai alipouliza moshi wa nini, akajibu ni takataka.

Kumwendea Lornah kulimchukua miezi mitatu. Kwanza alijiambia kwamba msichana yule ameshasahau. Kisha akajiambia kwamba hata kama hili hakulitenda, ile saa ya dhahabu haijaelezwa. Lakini Novemba mwili wake mwenyewe ulianza kumsumbua. Koili ilikuwa imekaa miaka saba, na maumivu ya kiuno yalimjia siku ambazo si zake. Kwa daktari wa Parklands hakuweza kurudi, kwa sababu pale mapokezi sasa alikuwa ameajiriwa binti wa dada yake Ba. Alihitaji mahali pasipo na jamaa, na mtu wa kumwonyesha mahali hapo. Aliyemjia akilini ni mmoja tu, na ni yule aliyemfukuza.

Kawangware shangazi yake Lornah alimpokea kwa jicho ambalo Pramila alilitambua mara moja, kwa kuwa lilikuwa lake. Mwanamke yule alisimama katikati ya mlango, mikono kiunoni, akauliza kama Mhindi amekuja na polisi. Majirani walitoka kusikiliza. Mmoja alisema kwa sauti kwamba huyu ndiye aliyemwita Lornah mwizi wa maneno. Pramila hakukana. Alisema amekuja kuomba radhi. Shangazi akamwambia mwenye kuombwa radhi hayupo hapa, yuko mjini, kwenye kliniki anakofanya kazi, na kama ana miguu ya kuja Kawangware basi ana miguu ya kwenda mjini. Kisha, Pramila alipokuwa anaondoka, akaongeza kwamba saa ile aliyokuwa akiitazama sana ni yeye shangazi aliyemnunulia mtoto wa kaka yake alipotimiza miaka ishirini na saba. Kwa hiyo Lornah alikuwa amelijua hata hilo, la kutazamwa saa.

Kliniki ya kupanga uzazi ilikuwa ghorofa ya pili ya jengo moja karibu na River Road, juu ya duka la vitambaa. Pramila alijifunika ushungi mpaka puani. Kwenye benchi alizikuta sura za wateja wake. Alikuwepo mke wa Thuo. Alikuwepo mpishi wa Muthangari. Na mwishoni, akisahihisha madaftari ya wanafunzi magotini, alikuwepo Wangeci, ambaye alimtambua pamoja na ushungi wake na akamsogezea nafasi.

Wangeci hakuwa na kinyongo, au kama alikuwa nacho, hakukileta pale. Alieleza kwamba vidonge ameviacha. Sasa anachomwa sindano, na sindano inakaa miezi mitatu. "Wacha Waweru apekue mpaka achoke," alisema. "Atapata nini? Iko ndani ya mkono wangu." Ndipo Pramila akaelewa kwa nini droo yake ya tatu imekuwa ikifunga vizuri mwaka mzima. Alikuwa amedhani wanawake wamerudi nyuma kwa hofu. Kumbe walikuwa wamehama tu, kutoka kwa kitu kinachoonekana kwenda kwa kisichoonekana, mmoja mmoja, bila kuambiana, na wote wakakutana kwenye benchi hili.

Aliyekuwa akiita majina na kuandika kadi ni Lornah. Alimwona Pramila, akaendelea na kazi yake mpaka benchi likaisha. Kisha akamwita kwenye chumba cha kadi, akafunga mlango, akabaki amesimama.

Pramila alisema yote, la karatasi na la mtego wa Mama Nzioka. Hakujitetea. Lornah alisikiliza akipanga kadi, na alipojibu sauti yake haikupanda.

"Wewe ulinishuku wiki nyingi na hukuniuliza hata mara moja. Ungeniuliza, ningekuambia vidonge vyote unavifunga kwa karatasi ya rangi moja. Mimi niliona zamani. Nilidhani wewe pia unaona."

Pramila aliomba radhi tena. Akamwambia kazi yake ipo akiitaka. Lornah akasema hapana, hapa anajifunza, mwaka ujao atapelekwa kozi. Ndipo Pramila, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuijua, akasema kwamba hakuja kwa radhi peke yake, akaeleza la koili.

Lornah akachukua kadi mpya, akauliza jina la kuandika. Pramila akataja jina la marehemu mama yake. Lornah akaliandika kwa mwandiko wake mzuri, akapeleka kadi kwa muuguzi, na wiki ile ile Pramila akabadilishiwa koili na mwanamke asiyemjua, katika chumba chenye harufu ya spiriti.

Mtu angedhani kwamba baada ya hapo alitulia. Hakutulia. Miezi mingi alimngojea Lornah amlipe. Alikuwa na kila sababu, na siri sasa ilikuwa mkononi mwake, imeandikwa. Ba akimtazama kwa muda mrefu mezani, Pramila aliwaza: imefika. Kanubhai akizungumza kwa simu na akashusha sauti, aliwaza: ni yeye. Alikwenda kliniki mara mbili kwa kisingizio cha kuangaliwa, kumbe anakwenda kuutazama uso wa Lornah. Uso ulikuwa kama siku zote. Mwaka ukapita, na wa pili, na wa tatu. Ba alikufa mwanzoni mwa 1992 akiwa hajui kitu.

Aliyekuja kuitoa siri ni Pramila mwenyewe, na si kwa hiari. Mwaka 1993 koili ya pili ilimletea maambukizo, ikabidi itolewe. Umri wake ulikuwa arobaini na moja, shinikizo la damu lilikuwa juu, na muuguzi alimwambia sindano haimfai, wala vile vijiti vipya vya kuwekwa mkononi ambavyo wanawake walikuwa wameanza kuviulizia. Linalomfaa ni kufunga uzazi. Lakini fomu ya kufunga uzazi ilikuwa na mstari chini, na mstari ule ulikuwa wa sahihi ya mume. Lornah, ambaye sasa alikuwa amerudi kutoka kozi na kuvaa sare, alimwambia polepole kwamba hapo yeye hana la kumsaidia.

Pramila aliiweka fomu mbele ya Kanubhai dukani, mchana, baada ya kufunga mlango kwa chakula. Kanubhai aliisoma yote, kama alivyosoma karatasi zote za dawa, mpaka herufi ndogo. Aliuliza koili imekuwapo tangu lini. Akamwambia themanini na moja. Kanubhai akavua miwani.

"Mama yangu alifunga kila Jumatatu kwa miaka kumi na moja akiomba mjukuu," alisema. "Na wewe ndiye uliyempikia chakula cha kufungulia."

Pramila alimweleza la daktari, la damu, la kuona watu wawili wawili. Kanubhai alisema angemwamini. Pramila akasema hakujua hilo. Kanubhai akaitia fomu sahihi, akasukuma kiti, akarudi nyuma ya ukuta wa mbao, na jioni ile alikwenda nyumbani peke yake kwa miguu, akamwachia gari.

Hakumfukuza wala hakumkaripia. Lakini tangu siku ile aliulizia kila kitu mara mbili. Pramila akisema anakwenda sokoni, aliuliza soko gani, na akirudi aliuliza tena, kwa maneno tofauti kidogo. Akimeza kidonge cha shinikizo la damu, Kanubhai alikigeuza kichupa asome jina, ingawa ni yeye aliyekijaza. Mara moja Pramila alimkuta amefungua droo ya tatu, amesimama tu. Hakulalamika. Alijua namna ya kumtazama mtu hivyo, na alijua haina dawa ya haraka.

Mwaka 1996 binti yao Hansa, aliyekuwa ameolewa miezi miwili nyuma na akifanya kazi katika benki mjini, aliingia dukani saa ya chakula, akaegemea kaunta, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa ni njia gani inamfaa mtu ambaye hataki mtoto mpaka amalize mitihani yake ya uhasibu. Wateja wawili walikuwa wakisikiliza. Nyuma ya ukuta wa mbao, mchi uliacha kusaga. Pramila aliutazama ukuta ule, akamtazama binti yake. Akauliza kama mumewe anajua. Hansa alicheka, akasema mumewe ndiye aliyemkumbusha kupita.

Pramila akamwambia ipo kliniki mjini, na yupo muuguzi anayeitwa Lornah, atamweleza zote, azijue faida na kasoro zake, achague mwenyewe. Hansa akauliza kama ni mtu wa kuaminika. Pramila alisema kwamba katika Nairobi nzima, Lornah ndiye mtu pekee ambaye yeye Pramila alimshuku kwa miaka mingi na kwa kila njia aliyoijua, asimpate na kosa.

Alhamisi walikwenda pamoja. Hansa alimwambia mama yake hakuna haja ya kumsindikiza, atakuwa sawa. Pramila akasema anajua. Hata hivyo alipanda naye ngazi, akakaa kwenye benchi kati ya wanawake wawili asiowajua, mkoba magotini, akikitazama chumba ambacho binti yake ameingia, na akatega sikio kusikia kinachosemwa ndani.